Gunia la Mahindi Kwenye Kiti Chako

Mama Wanjiku,

Jumanne iliyopita nilifunga gunia la mahindi kwenye kiti chako cha nyuma, nikalikaza kwa kamba ya katani, nikapanda nalo mwinuko wa Ndarugu mchana kweupe. Nikarudi, nikaongeza mahindi, nikapanda tena. Watu waliokuwa wakipalilia kahawa waliacha majembe wakanitazama. Wanjiku ameniambia kwamba huko mtoni wanakoteka maji wanasema baba yake amerukwa na akili kwa sababu ya msiba. Waache waseme. Wewe ndiye utakayenielewa, maana ubishi huu tuliuanza pamoja, nawe umeniachia niumalize peke yangu. Jambo hilo linaniuma na, nikuambie ukweli, linanikasirisha pia.

Ni ule ubishi wa pikipiki.

Misheni wameamua kuinunulia zahanati pikipiki mpya, na wamesema nichague mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikikuendesha wewe na begi lako la ukunga miaka yote hiyo. Hebu fikiria! Tulipokuwa wawili tukiomba, hakuna aliyetusikia. Sasa niko peke yangu, naambiwa niende Thika nichague. Sista, yule Mzungu wetu wa zahanati, aliniambia kwa upole kabisa, bila nia mbaya: "Sasa uko peke yako, Njoroge. Ndogo itakutosha." Nilijibu ndiyo, Sista, kisha nikaenda kusimama nyuma ya stoo mpaka macho yakakauka.

Ndogo itakutosha. Si ndiyo maneno yangu mwenyewe hayo? Mara ngapi nimekuambia kwamba injini ya cc mia moja ishirini na tano inatosha? Nilikuwa na hoja zangu, nawe ulizijua zote kwa moyo. Ndogo ni nyepesi. Ikianguka kwenye tope mtu mmoja anaiinua. Mvua ikisomba daraja, unaipitisha juu ya magogo huku umeishika pembe kama mbuzi mkaidi. Haili petroli nyingi. Nawe ulikuwa ukingoja nimalize, unafunga begi, halafu unasema lile neno lako moja: "Na mwinuko je?"

Na mwinuko je. Ng'ambo ya mto Ndarugu, tukishavuka, njia ilipanda wima kama ukuta wa nyumba, na ile ndogo ilitubeba sote wawili mpaka kwenye lile jiwe jeupe tu, katikati ya mwinuko. Hapo ilianza kulia. Ulikuwa unanigonga bega mara mbili: "Baba Wanjiku, simama nishuke, kabla haijatudhalilisha." Ukashuka, ukapanda kwa miguu na begi lako, mimi nikatangulia kukungoja juu penye mikaratusi, injini ikipumua. Kutoka pale juu kilianza kuonekana kitambaa chako cha kichwa, kisha begi, halafu wewe mwenyewe, unahema na kunitukana. "Mume gani huyu anayepanda pikipiki mkewe akitembea." Kisha unakaa nyuma yangu, unanishika kiuno, tunaondoka.

Unakumbuka nilivyojaribu kukutuliza kwa kubadilisha ile sproketi ya nyuma, gurudumu la mnyororo, nikaweka yenye meno mengi? Ilipanda vizuri kidogo, sikatai. Lakini kwenye barabara tambarare ya Ruiru tulipitwa na mtu wa baiskeli aliyebeba ndizi, naye akatuaga kwa mkono. Ulicheka mpaka nikahofia utaanguka. Kesho yake nilirudisha ile ya zamani bila kusema neno.

Siku tuliyokuzika nilifuata lori lililokubeba kutoka hospitali ya Thika. Nilikuja na pikipiki kwa sababu sikuweza kukaa ndani ya lori na watu. Tulipofika kwenye mwinuko wa kwetu, injini ile ndogo ilipanda moja kwa moja, haikulia, haikupunguza mwendo, wala sikuhitaji kurudi gia ya kwanza. Ilipanda kama imetua mzigo. Niliichukia. Tangu siku hiyo niliiendesha kwa sababu ni kazi, lakini sikuipenda tena.

Acha nikueleze mambo yalivyobadilika, maana huwezi kuelewa nilichofanya bila kujua hili. Vijiji vinavunjika, Mama Wanjiku. Siku zile za Hali ya Hatari, serikali ilipotukusanya vijijini kwa nguvu, ukishapita langoni na handaki, akina mama wote walikuwa mahali pamoja. Ukimaliza nyumba hii, unavuka kichochoro tu. Sasa watu wamepimiwa mashamba yao, wengi wamehama, kila mmoja amejenga kwenye kilima chake, na wengine wamepanda kahawa yao wenyewe. Ni jambo jema. Ungefurahi kuona Wacera wa ng'ambo amezungushia shamba ua wa michongoma. Lakini mwanamke akishikwa na uchungu, sasa yuko mbali, na kati yake na mkunga kuna mto na miinuko.

Na mkunga sasa ni Nyambura, msichana wako uliyemfundisha. Amekuwa mzuri. Ana mikono yako. Hata namna ya kunawa mpaka viwikoni ni yako. Alipokabidhiwa begi lako alikuta ile plagi ya akiba ya pikipiki niliyokupa unitunzie, umeifunga kwa shashi safi na kuiweka karibu na mikasi. Alikuja kuniuliza kwa heshima zote, hiki chombo kinatumika wakati gani wa uzazi. Nilimwambia kinatumika injini ikikataa kuzaa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu uondoke, na nilijisikia vibaya kucheka bila wewe.

Lakini Nyambura alikuwa anatembea. Mama yake alimkataza kukalia kiti cha marehemu hivi hivi, na ingawa Nyambura ni mtu wa kwaya, jambo hilo alimsikiliza mama yake. Hakuna aliyenieleza waziwazi. Yeye aliniamkia asubuhi, akapita kando ya pikipiki, akaenda zake kwa miguu. Nami sikumwita. Ule mto ulioushona kwa blanketi kuukuu na kuufunga juu ya kiti ulibaki pale umeloa mvua, umekauka, umeloa tena. Wote tuliuzunguka kama unavyozunguka kaburi.

Halafu Wacera akashikwa na uchungu. Nyambura alikwenda kwa miguu kwenye mvua, akafika mtoto ameshatoka na damu haijakoma. Wacera alipona, mtoto naye yuko hai, lakini Nyambura alirudi zahanati, akakaa sakafuni na viatu vyake vya tope, akasema: "Mwalimu wangu angefika." Alikuwa anakutaja wewe. Hakunitazama aliposema. Hakuhitaji kunitazama.

Kwa hiyo nilipoambiwa nichague, nilijua kwamba sichagui pikipiki tu. Nikichukua ndogo, nimesema kiti cha nyuma hakina mtu, na akina mama wa ng'ambo watajijua. Nikichukua kubwa, lazima mtu akae pale. Mtu ambaye si wewe.

Nilikwenda Thika kwa yule Mhindi wa duka la pikipiki, yule mrefu aliyekuwa akikupa kiti ukae nikibishana naye bei ya vipuri. Aliangalia nyuma yangu, akauliza: "Leo mama hakuja?" Nilimwambia. Alivuta mlango wa duka nusu, akaita chai, tukainywa tumesimama kati ya matairi. Baadaye ndipo akanionyesha. Alikuwa nazo tatu, zote za kuchanganya oili ndani ya petroli, zote zimeinuliwa kwa ajili ya njia za mashambani: ndogo kama ya kwetu, ya mia moja hamsini, na moja ya mia moja tisini na saba ambayo yeye na wateja wake wanaiita mia mbili. Alisema: "Kubwa iko nguvu sana, lakini iko nzito. Wewe peke yako itakusumbua." Tena hilo neno, peke yako. Nilimwomba anipe moja moja nikazijaribu nyumbani, nimwachie ya kwetu kama dhamana. Alikubali. Nadhani alikubali kwa ajili yako.

Nikaanza kuwaza. Kupanda mwinuko nikiwa mtu mmoja hakunifundishi kitu. Pikipiki yoyote itanipandisha. Ilinibidi nipande na uzito wako. Na sikuujua. Miaka yote nimekubeba, nimekuinua ulipougua, na sikujua una uzito gani! Wanjiku hakujua. Nguo zako nimezishika moja moja na hazikuniambia lolote isipokuwa harufu ya moshi wa oili kwenye kile kitambaa cha bluu.

Ndipo nikakumbuka kwamba kuna mmoja anayejua. Injini ile ndogo inajua. Ilikuwa inalia pale pale kila siku, penye jiwe jeupe, mvua au jua.

Basi, kabla ya kuiacha Thika, niliifungia lile gunia. Mara ya kwanza ilipita jiwe jeupe bila kulalamika. Nikateremka, Wanjiku akanisaidia kumimina mahindi zaidi kwa kikombe cha bati, nikapanda tena. Ikalia kabla ya jiwe. Nikapunguza. Wanjiku akakishika kikombe na kuniambia: "Baba, begi je? Mama alikuwa na begi." Huyu mtoto ni wako kabisa. Tukaweka begi pia. Tukaongeza kidogo, tukapunguza kidogo. Mwishowe nikapanda, na penye jiwe jeupe, si kabla wala si baada, injini ikaanza kulia ile sauti yake ya siku zote, na mimi nikasimama, nikageuka nyuma nikuambie ushuke.

Mama Wanjiku, niligeuka kweli. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Nilikaa pale chini kando ya jiwe kwa muda. Wale wa kahawa waliniona, ndiyo maana habari imefika mtoni. Niliporudi Wanjiku aliangalia uso wangu, akafunga mdomo wa gunia bila kuambiwa, akalishona.

Siku zilizofuata nilijaribu zile nyingine na gunia hilo hilo. Ya mia moja hamsini ilinipitisha jiwe, ikafika juu, lakini ilifika imechoka, inanuka joto, na njia ilikuwa kavu. Kwenye masika isingefika. Ndogo mpya ilikuwa sawasawa na ndogo kuukuu, tofauti ni rangi. Halafu nikaileta kubwa. Ilipita jiwe jeupe kana kwamba hakuna jiwe. Haikubadili sauti. Juu penye mikaratusi nilikuwa bado na gia ya pili, gunia liko nyuma yangu limetulia. Nilitaka kufurahi. Badala yake nilisema kwa sauti, peke yangu, kama mjinga: "Haya, umeshinda."

Lakini nawe usijivune. Nilikuwa bado na hoja yangu ya tope. Niliishusha mpaka mtoni, nikailaza makusudi pale panaposhika miguu, nikajaribu kuiinua. Haikuinuka. Nilivuta mpaka mgongo ukaniambia niache. Ndogo ningeiinua na mkono mmoja nikishika kofia kwa mwingine. Nilimwita Wanjiku, akashika nyuma, nikashika usukani, ikainuka mara moja kama mtu anayeamka.

Hapo ndipo nilipochagua. Nilisimama na tope mpaka magotini, namtazama binti yetu anajifuta mikono kwenye majani, nikaona kwamba wewe na mimi tulikuwa tunabishana juu ya injini mbili tofauti. Ndogo ni ya mtu mmoja: anapanda peke yake, akianguka anajiinua peke yake. Kubwa inataka watu wawili. Inawapandisha wawili, na ikianguka inainuliwa na wawili. Nilikuwa na haki kuhusu tope, nawe ulikuwa na haki kuhusu mwinuko. Nilichokuwa sikioni ni kwamba sikutaka kuishi kama mtu wa pikipiki ndogo.

Sista alishangaa kidogo, lakini alitia sahihi. Mhindi alichukua ile kuukuu. Kabla sijamwachia, nilifungua ule mto wako kwenye kiti, nao nimeukalia sasa hivi ninapokuandikia. Kiti cha pikipiki mpya ni kipya. Hakijakaliwa na mtu yeyote. Nilimwambia Nyambura hivyo hivyo, na nikamwambia amwambie mama yake pia. Aliangalia chini, akasema: "Sawa, Baba Wanjiku." Siku ya pili yake alikuja na begi lako begani na kanga yake amejifunga vizuri kwa safari, bila kuitwa.

Jana tumeitwa ng'ambo. Mke mdogo wa mwanawe yule fundi seremala, uzazi wake wa kwanza. Niliteremka kwenda mtoni kama ulivyokuwa ukinisikia nikiteremka, nafungua mafuta kidogo, nafunga, nafungua. Injini hizi zinakunywa oili ndani ya petroli. Ukiyafunga mafuta kabisa kwenye mteremko ili kubana matumizi, pistoni inakosa oili, inashika na gurudumu linakwama. Watu wengi wamevunjika mifupa kwa kubana matumizi. Unakumbuka ng'ambo walivyoijua sauti ile ya kufungua na kufunga, wakasema mkunga anakuja, na maji yakawa yameshachemka kabla hatujafika? Sasa kubwa ina sauti nzito. Hawakuitambua. Walidhani ni polisi, wakafunga mlango, na seremala mwenyewe akaruka ua wa nyuma. Ilibidi Nyambura aite jina lake kwa sauti kubwa mara kadhaa. Maji yalikuwa baridi kabisa. Watazoea.

Lakini nimeruka. Nilitaka kukuambia juu ya mwinuko.

Tulipovuka mto na kuanza kupanda, Nyambura alikuwa nyuma yangu amelishika begi. Jiwe jeupe likatokea. Na pale pale alinigonga bega mara mbili.

Ulimfundisha hata hilo. Alikuwa ameshakuona siku nyingi alipokuwa akitufuata kwa miguu kujifunza, akadhani ni sehemu ya kazi, kama kunawa. Nilimwambia: "Kaa." Akagonga tena, nikasema tena, kaa, leo hakuna anayeshuka. Tukapita jiwe. Hatukusimama juu wakati wa kwenda kwa sababu mwanamke alikuwa akingoja.

Nilikaa nje na pikipiki kama kawaida yangu, nikiipangusa vumbi ili niwe na cha kufanya. Jua likazunguka. Halafu zikaja ngemi kutoka ndani, vigelegele vya mtoto wa kike, na bibi wa mtoto akatoka anacheza peke yake uani. Nyambura alitoka nyuma yake amejipangusa mikono mpaka viwikoni. Alikuwa anatabasamu, na uso wake ulikuwa umechoka kama wako ulivyokuwa ukichoka.

Wakati wa kurudi, juu penye mikaratusi kabla hatujaanza kuteremka, nilisimama. Sikuipanga. Mkono ulifunga mafuta wenyewe. Nilielekeza macho chini kwenye njia, upande wa jiwe, injini ikipumua. Nilingoja kitambaa chako cha kichwa. Nilijua hakiji. Nilingoja hivyo hivyo, muda ule ule uliokuwa ukikuchukua kupanda. Nyambura hakunigonga bega. Alilishika begi mapajani akangoja nami mpaka nilipomaliza.

Gunia lilikuwa bado limesimama karibu na mlango, limeshonwa. Sikutaka liguswe. Leo asubuhi Wanjiku amesema yakikaa yataingia wadudu, naye amesema kweli. Nimeukata uzi mwenyewe. Amepika githeri ya mahindi na maharagwe, na nusu ya mahindi nitampelekea yule mzazi mpya kesho. Nimekula. Nimekula vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Sasa nikuage, kwa maana taa inaisha mafuta na binti yako ananiita maitu wake, hapana, mimi ndiye ninayemwita maitu, yaani mama, kwa kuwa ana jina la mama yangu, naona usingizi unanichanganya. Pumzika, mke wangu. Nakuahidi mambo haya: mteremko wowote nitaufungulia mafuta kidogo kidogo, wasikie mkunga anakuja, na hakuna mwanamke atakayeshuka tena penye jiwe jeupe nikiwa mimi ndiye niliyeshika usukani. Nyambura atafika. Na kila tukirudi, nitasimama kidogo pale juu nikungoje.

Ni mimi,
Baba Wanjiku